Mwandishi aje kabla nyundo haijatulia

Katalogi ya maonyesho huandikwa mwisho wa kazi. Sanamu zimekwisha, picha zimepigwa, siku ya ufunguzi imetangazwa, ndipo mwandishi anapigiwa simu: tuandikie kurasa tatu, na ziwe hapa Ijumaa. Anakuja na daftari lake, anazunguka chumba, anamwuliza mchongaji alizaliwa wapi na alisoma wapi, kisha anarudi kwake kuandika Kifaransa kizuri ambacho mchongaji atakipitia kwa shida, au hatakipitia kabisa. Kitabu kinachapwa. Wageni wa ufunguzi wanaondoka nacho. Ateliye, yaani karakana ya mchongaji, inabaki na nakala moja, mara nyingi ile ambayo jalada lake lilikunjika.

Mimi ni mwandishi na ninaupinga utaratibu huo. Mchongaji anastahili zaidi ya sifa zinazokuja kazi ikishapoa, na maneno nayo yanastahili zaidi ya kutundikwa kando ya sanamu.

Hapa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, tumemaliza kazi iliyofuata njia nyingine: maonyesho na kitabu vilivyokua pamoja, ndani ya ua mmoja wa Katuba, mojawapo ya mitaa ya mji. Wachongaji wanne na mimi. Yupo papa, yaani baba mtu mzima, anayefua shaba, dada anayechonga malakiti, kijana anayechomelea mitraye, yaani vyuma chakavu, na mzee wa mbao ambaye ukoo wake unatoka upande wa Kabongo. Majina yao yamo kwenye jalada la kitabu. Hapa wameniomba niwaite kama tunavyoitana uani, nami nawaheshimu.

Masharti tuliyapanga tulipokutana mara ya kwanza, tumezunguka bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mwandishi anaingia ateliye kabla kitu chochote hakijaanza kuchongwa. Kila ukurasa unasomwa kwa sauti mbele ya wote, nyundo zikiwa chini. Ukurasa ukikataliwa na mwenye kazi, unaandikwa upya. Kisha papa akaongeza sharti lake: mchongaji naye, akishasikia ukurasa, ana haki ya kurudi kwenye sanamu yake na kuibadilisha. Sharti hilo la papa ndilo lililobeba kazi nzima.

Nianze na shaba yake. Malori yanaijaza barabara ya Kasumbalesa usiku na mchana, yamebeba shaba ya Katanga kwenda mpakani, na Kongo sasa ni nchi ya pili duniani kwa kuitoa. Papa wa Katuba huipata yake kwa vipande: bati lililong'olewa kwenye tangi la zamani, nyaya za umeme zilizovuliwa ganda, sahani ya mashine iliyoishia kwa wauza mitraye. Anainyoosha, anaisugua, anailaza juu ya kitanda cha lami iliyochanganywa na mchanga. Hupiga upande wa nyuma kwanza, kwa tindo zisizo na makali, ili umbo livimbe mbele. Halafu anaigeuza na kulichora kwa mapigo madogo madogo.

"Shaba inachokaka," aliniambia. "Ukiipiga sana inakuwa mugumu, kisha inapasuka. Unairudisha ku moto, inapumuzika, unaanza tena."

Hakuwa anasema fumbo. Shaba ikifuliwa ikiwa baridi hukaza, na fundi asipoitia moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, itachanika mkononi mwake. Nilikaa karibu na moto ule nikijifunza kusikia mabadiliko: bati laini hutoa sauti nzito, na kadiri linavyokaza sauti inapanda. Papa hahitaji kutazama. Anasikia tu kwamba wakati wa moto umefika.

Aliamua kufua gunia. Gunia la unga, ukubwa wake halisi, limesimama lenyewe, mdomo wazi, mikunjo yote ipo. Katanga ya wachimbaji ilijengwa juu ya gunia hilo. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, mji wenyewe ukazaliwa 1910, na kwa miaka mingi sehemu ya ujira wa mfanyakazi ilikuwa posho: chakula kilichopimwa na kugawiwa kwa familia, kila mtu akijua siku yake ya kupanga mstari. Baba yake papa alipanga mstari huo.

Niliandika ukurasa kuhusu gunia tupu. Nilieleza ukimya wake, mdomo wake uliofunguka, baba aliyezeeka mgodini. Nikausoma mbele ya wote. Papa alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Hapana, mwandishi. Ile gunia haikuwaka tupu. Unga ikiisha, mama anaifumua, anaifula, anatushonea mashimizi. Maandiko yanabakia ku mugongo. Mi nilijua A ku mugongo ya yaya yangu, tukienda mu mustari kwenda masomo."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mtoto huyu alijifunza herufi kwa kutembea nyuma ya kaka yake, akisoma jina la kinu cha unga kati ya mabega mawili. Nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa mwingine, mfupi kuliko ule wa kwanza, wenye mama anayefumua mshono kwa wembe na watoto wanaosomana migongo. Nilipousoma, papa hakutoa neno. Alilichukua gunia lake ambalo sote tuliliona limekwisha, akalirudisha motoni.

Alitaka kulitia herufi. Lakini herufi inayopigwa kutokea nyuma lazima iandikwe kinyume, ili mbele isomeke. Basi mimi niliandika maneno kwenye karatasi, nikaigeuza dhidi ya taa, nikafuatisha umbo lililogeuka, na papa akalihamishia kwenye bati. Ukilizunguka gunia lile leo, utaona alama zilizofifia nusu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kwenye ukingo safu ya vitundu vya mshono uliofumuliwa. Herufi zile ni mwandiko wangu. Sijawahi kupata heshima kubwa zaidi ya hiyo katika kazi hii.

Malakiti ina mambo yake. Jiwe hili la kijani hutoka pande za Kolwezi, Likasi na Kambove, na kila aliyewahi kupita katikati ya mji amewaona wauzaji wake: tembo, mamba, mayai, mikufu, mbao za sataranji. Ni jiwe laini, hata kisu cha chuma hulikwaruza, na ukilisugua kwa msasa kutoka ule mkali hadi ule mwororo, huku ukilimwagia maji, miduara yake hujitokeza mmoja ndani ya mwingine. Maji hayo si ya kupendezesha. Malakiti ni madini ya shaba. Vumbi lake likiingia kifuani linadhuru. Dada wa uani hafanyi kazi bila maji na bila kitambaa usoni, na mtu akikata jiwe likiwa kavu karibu naye anamfukuza kwa ukali ambao sikuutegemea kwake. Ana sababu. Miaka ya kwanza alifundishwa na mtu aliyekuwa akikata makavu ndani ya chumba kilichofungwa, na mtu huyo hayupo tena.

Mwaka 2022 Biyenale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yaliyoanzishwa 2008 na kundi la wasanii liitwalo Picha, ilichukua sumu ya mji kuwa mada yake. Wengi tulizungumza kuhusu moshi, udongo na maji. Dada aliondoka pale na wazo ambalo halikumwacha: alikuwa amechoka kuchonga tembo ambaye hajawahi kumwona, na jiwe lilelile huoshwa na wanawake mtoni kila siku. Akachonga beseni. Beseni la kawaida la mama anayeosha mawe ya madini, ila lote ni malakiti, limeunganishwa kwa vipande vidogo kwa sababu bonge kubwa safi ni adimu na bei yake haishikiki. Mishono ya gundi haikufichwa. Wakati wa maonyesho lilijazwa maji, na hapo rangi ilikuja juu kwa namna ambayo jiwe kavu haliwezi.

Ukurasa wake ulitupa taabu. Dada hakutaka masikitiko. Kila mara nilipoandika jambo la huruma alisema, "Futa. Andika namna banaosha." Kwa hiyo ukurasa umebaki maelezo ya kazi: namna ya kuchota, kuzungusha, kumwaga tope, kuacha kilicho kizito chini. Naamini ni ukurasa wenye nguvu kuliko yote niliyoandika mwaka huu.

Kijana wa mitraye nitampita upesi, maana yeye mwenyewe alitaka hivyo. Alichomelea baiskeli ya muuza makala, yaani mkaa, ile tunayoiona kila alfajiri ikisukumwa kuingia mjini na magunia yaliyopita kimo cha mtu. Alikataa hadithi. Ukurasa wake una orodha tu: bomba la moshi la Fuso, springi ya teksi, mguu wa kitanda cha hospitali, mlango wa jiko, na kando ya kila kitu jina la mtaa alikokinunua. Mwanzoni niliona orodha hiyo ni kavu. Iliposomwa kwa sauti, watu walianza kuitikia mitaa yao.

Sasa mzee wa mbao. Kila mtu, nami nikiwemo, alitegemea kwamba Mluba wa Kabongo akiambiwa kuna kitabu na sanamu pamoja, atachonga lukasa. Kwa wasioijua: lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba, unaotosha kushikwa kwa mkono wa kushoto, umepambwa kwa shanga, kauri na pini za chuma. Mjuzi wa chama cha Mbudye hupitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake na kusimulia mambo ya dola ya Waluba na mashujaa wa chimbuko lake: Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe mwindaji, Kalala Ilunga. Shanga ileile inaweza kuwa mfalme katika simulizi moja na kuwa mahali katika simulizi nyingine, kutegemea nani anasoma, nani anasikiliza, na kwa nini wameketi. Ndiyo maana huwa ninachoka nikisikia wataalamu wakija kutueleza kwamba sanamu na maandishi ni mambo mawili yanayohitaji daraja. Katika nchi hii vilikuwa kitu kimoja.

Lakini mzee alikataa. "Ile iko na benyewe," alisema. Hajaingizwa Mbudye, hana ruhusa, basi. Alichonga benchi. Juu ni laini kabisa, kama benchi lolote la kanisa. Michoro yote iko chini ya ubao wa kukalia, mahali ambapo jicho halifiki. Unaketi, unasoma kitabu, na mkono wako ukishuka wenyewe chini ya kiti unakutana na matuta, mifereji, misumari ya shaba. Yeye hakueleza kamwe alichonga nini. Ukurasa wa benchi tuliuacha wazi hadi watu wa mtaa walipolikalia: tuliandika walichosema mikono yao ilikuta. Mama mmoja alikuta njia ya kwao kijijini. Mtoto alikuta mamba. Fundi umeme alikuta mchoro wa nyaya, na alikuwa na hakika.

Sitaki mtu adhani tulivumbua kitu. Mji huu umekuwa ukifanya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora hapahapa picha zaidi ya mia moja, historia nzima ya nchi, na kuzizungumza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye wakati huo alifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba hakujiita mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Picha bila maneno yake ni nusu, na maneno yake bila picha ni nusu. Kitabu kilichoviweka vyote pamoja kilitoka mwaka 1996 nchini Marekani, kwa Kiingereza. Habari za Tshibumba zilikuwa zimekatika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jambo hili linaniuma. Maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo yale yamewekwa mtandaoni, na ninawasihi wasomaji wangu wayatafute, maana utamsikia mtu wa Lubumbashi akifikiri kwa lugha yake bila kumwomba mtu radhi. Lakini nilitaka kitabu ambacho msanii atakishika akiwa hai, akisome, akipinge.

Wengine pia wamenifundisha. Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, waanzilishi wa Picha, walikaribishwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakatoa maonyesho na kitabu mwaka 2011 kutokana na hifadhi za pale, zikiwemo picha za msafara wa afisa Mbelgiji Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900. Baadaye Baloji alifanya kazi na Fiston Mwanza Mujila, mwandishi mwingine mzaliwa wa mji wetu, wakirudi kwenye lukasa na kwenye kasala, utenzi wa sifa wa Kiluba. Na mchongaji wa Kinshasa Freddy Tsimba, aliyezaliwa 1967 na anayejulikana kwa kuchomelea maganda ya risasi na vijiko, alipofanya maonyesho makubwa Tervuren mwaka 2020, mwandishi In Koli Jean Bofane alikuwa mmoja wa wasimamizi wake.

Tsimba ana kazi nyingine katika jumba hilohilo ambayo kwangu ni funzo kamili la namna mchongaji anavyoweza kuandika. Ukutani pale kuna majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji ili watazamwe na umma kama maonyesho, na saba kati yao wakafa. Tsimba hakuuvunja ukuta. Aliandika kwenye vioo vya madirisha yanayouelekea majina ya Wakongo waliofia kule, na jua likiwaka kivuli cha majina hayo kinalala juu ya majina ya Wabelgiji. Hakuhitaji katalogi kulieleza hilo. Ni majina, kioo na jua.

Tulipofika kwenye suala la lugha, tuligombana. Rafiki zangu wa vyuo walishauri Kifaransa, au angalau Kiswahili sanifu, ili kitabu kifike Dar es Salaam na Nairobi. Ninakipenda Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia hapa. Lakini papa hakusema "shaba huchoka". Alisema "inachokaka", na ukimnyoosha unamwondoa ateliye. Mwaka 1965 mtu wa hapa aitwaye André Yav aliandika historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji, kwa niaba ya watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu. Hakungoja mtu amsahihishie. Maneno yale yamedumu kwa sababu yameandikwa jinsi yalivyosemwa. Basi tulikubaliana: maneno ya wachongaji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila kuguswa, maelezo yangu kwa sanifu, Kifaransa nyuma, kwa herufi ndogo kidogo.

Maonyesho tuliyafanya uani. Tungeweza kuomba ukumbi mjini, na pengine siku moja tutaomba. Lakini ukumbi ungetuletea watu waliozoea kumbi, na sisi tulitaka majirani wa papa. Walikuja. Walikuja na watoto migongoni, walikuja wauza makala wenyewe wakaikagua baiskeli na kumwambia kijana kwamba mzigo umefungwa vibaya, utaanguka kwenye kona. Aliufunga upya palepale. Kugusa kuliruhusiwa, isipokuwa kunywa maji ya beseni, jambo ambalo dada alilisimamia mwenyewe. Jioni umeme ulipokatika tuliwasha taa za simu, na watu wakaendelea kusomeana kurasa, wanaojua kusoma wakiwasomea wengine. Papa alikaa karibu na gunia lake. Kila mgeni aliyefika alimwelekeza nyuma, kwenye herufi.

Kitabu kimechapwa nakala chache kwa mchango wetu na wa marafiki. Karatasi ni ya kawaida. Bei ni ile ambayo mtu wa Katuba anaweza kuilipa bila kuuza kitu, na wachongaji wanne kila mmoja ana fungu lake la nakala za kuuza mwenyewe ateliye, pesa ikiwa yake.

Toleo la pili likipata fedha, litakuwa na mabadiliko. Mama mmoja anayeosha mawe alisomewa ukurasa wa beseni, akautikisia kichwa. Ukurasa unasema mikono miwili hulishika beseni na kulizungusha. Si hivyo, alisema: mkono mmoja ndio unaoshika, wa pili unachagua, na beseni linapumzika kwenye goti. Dada alimwomba aje Jumamosi kutuonyesha. Ukurasa nitauandika upya, na dada ameshaanza kulisugua beseni upande mmoja, pale goti linapokaa.